Gari Lisiloamka Baada ya Chai

Likilala usiku kucha, asubuhi linaamka. Ukilizima na kuliwasha papo hapo, linaamka. Ila ukiliacha kidogo, kiasi cha mtu kumaliza kikombe chake cha chai, haliamki hata ulibembeleze kama mtoto mwenye homa.

Mji mzima wa Red Cliffs ulikijua kitendawili hicho, maana ulishamwona Nev Trembath amekwama nje ya posta, nje ya bucha, nje ya kanisa, mlango wazi na mguu mmoja chini, anasubiri gari lake jekundu la michezo lipoe. Watu walipita wakimuuliza, "Vipi Nev, leo umeagiza chai au kahawa?" Naye anacheka kidogo tu. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la Kijapani, la wakati ule watu walipoanza kuachana na kabureta na injini zikaanza kupuliziwa mafuta kwa nozeli. Alilikuta mzoga katika banda la mtu, kuku wametagia kwenye viti, akalifufua kipande kwa kipande. Mtoto hakujaliwa. Alikuwa na mke wake Bron, mizabibu yake, na gari hilo.

Siku Grantley Haskett alipofika kwao, Nev alikuwa na mkono wa kulia kwenye plasta kwa kuanguka kutoka kwenye trekta. Haskett ndiye aliyekaa mizanini pale kiwanda cha mvinyo. Wakati wa mavuno kila mkulima alipeleka trela lake la zabibu kwake. Haskett alipima sukari, akachokoachokoa kwa kulabu yake ndefu kutafuta majani na vijiti, kisha akasema "mwaga" au akasema "rudi". Neno lake hilo moja lilikuwa jasho la mtu la mwaka mzima.

Mwaka uliopita alimwambia Nev arudi. Foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Haskett alinyanyua majani machache kwa kulabu, akayaning'iniza juu ili kila mtu aone.

"Nev, mzee wangu, umeniletea zabibu au umeniletea saladi?"

Watu walicheka, maana nani angethubutu kunyamaza na trela lake mwenyewe liko kwenye foleni hiyo hiyo? Nev na Bron wakarudi na mzigo wao, wakaushusha kwa beleshi kati ya mistari ya mizabibu. Zabibu zikachacha pale pale. Nyuki wakaja, nzi wakaja, na harufu ya ulevi ikaingia nyumbani mpaka kwenye mashuka. Bron ndiye aliyesema, tena neno moja tu, akiwa anasuuza beleshi: "Atalipa."

Sasa Haskett alikuwa amesimama mlangoni kwao, kofia kichwani.

"Imogen wangu anaolewa Jumamosi," alisema. "Tangu mdogo anasema siku ya harusi yake atapanda lile gari jekundu la Trembath. Nimepita kuwaambia."

"Kutuambia au kutuomba?" Bron aliuliza.

Haskett akamtazama Nev badala yake. "Mkeo bado ana ulimi, eh? Nitaliendesha mwenyewe. Mlioshe vizuri. Na ule mchezo wake wa kugoma mbele za watu, mtafute dawa. Likinigomea na binti yangu yumo ndani, Nev, mimi si msahaulifu. Zabibu zenu mnaleta lini?"

"Jumatatu."

"Basi Jumamosi kwanza, Jumatatu baadaye." Akageuka kuondoka, akakumbuka jambo. "Bron, akina mama wa kanisa wamepungukiwa mikono. Njoo ukate sandwichi."

Gari lake lilipotoweka kwenye vumbi, mume na mke walibaki mlangoni. Mzigo mmoja kumwagwa chini waliumeza, kwa shida. Wa pili ungekuwa mwisho. Wangeng'oa mizabibu aliyoipanda baba yake Nev, wakahamia kwenye chumba cha kupanga huko Mildura, Nev akiangalia ukuta.

"Tumnyime," Bron alisema.

"Tukimnyima, zabibu zitaota majani njiani kabla hazijafika mizanini."

Bron akacheka bila kutaka, kisha akalia kidogo bila kutaka, kisha akafuata funguo za gari.

*

Katika banda, Nev alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, plasta imelala mapajani. Bron aliinama ndani ya boneti. Kichwa kilikuwa cha mume, mikono ya mke. Nev alikuwa na sheria yake katika kazi hii: hubadilishi kitu ambacho hujakipima. Wenzake wengi walikuwa wamemshauri: weka plagi mpya, weka betri kubwa, weka stata nyingine. Wote walibahatisha, na gari likaendelea kugoma.

Bron alikuwa amelizungusha mpaka mtoni na kurudi ili lipate joto. Wakalizima, wakanywa chai. Chai ilipokwisha, Bron akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikakataa.

"Vizuri sana," Nev alisema.

"Vizuri nini? Limegoma!"

"Ugonjwa ukijificha ndiyo shida. Huu umekuja tulipouita. Haya, chomoa waya wa plagi moja tuone cheche. Shika kwenye mpira, usije ukanifia, nani atanipikia?"

"Ungekufa njaa kabla sijazikwa. Naona cheche. Ya bluu, kama jiko la gesi."

"Basi umeme hauna kosa. Twende kwenye mafuta. Nipachikie ile geji."

Walifunga geji ya presha kwenye bomba la mafuta, wakasubiri gari lipoe, wakaliwasha. Mshale ukapanda ukatulia. Bron akazima. Mshale haukungoja hata akatoka kwenye kiti.

"Unashuka kama suruali ya mlevi," alisema.

"Ulipaswa kubaki juu." Nev sasa alikuwa amesimama. "Sikia. Mafuta yakiwa na presha hayachemki. Ukizima gari, joto la injini linapanda juu kwenye bomba hili. Presha ikiwa imekimbia, mafuta yanachemka, yanakuwa mapovu. Unapiga stata, nozeli zinapuliza mapovu. Ukiwasha papo hapo, joto halijapanda. Likipoa kabisa, mapovu yamekwisha. Ni pale katikati tu ndipo linakufa."

"Saa ya chai."

"Saa ya chai. Sasa presha inatorokea wapi? Kuna milango mitatu tu. Nozeli zinavuja, au regulata, ile inayodhibiti presha, inayaachia yarudi tangini, au yanarudi kinyumenyume kupitia pampu. Tubane mlango mmoja mmoja. Washa, zima, halafu ubane haraka huo mpira wa kurudishia."

Bron akafanya hivyo, akabana mpira kwa koleo. Mshale ukaanguka kama mwanzo.

"Regulata hana hatia," Nev alisema. "Mwachie. Sasa ubane ule mpira unaotoka kwenye pampu."

Aliwasha, akazima, akatambaa chini ya gari akabana. Bron alitoka chini na mchanga kwenye nywele, wakasimama bega kwa bega wakitazama geji. Mshale ulikaa pale pale. Ulikaa muda wa kutosha hata Nev akajikuta amemshika mkewe kiuno kwa mkono mzima.

"Nozeli nazo ni salama, maana presha haikutoka. Ni pampu," Bron alisema.

"Siyo pampu nzima. Mdomoni pake kuna kivali kidogo, kama punje ya zabibu. Kazi yake ni kuruhusu mafuta yaende na kuyakatalia yasirudi. Kimechoka." Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii nimechekwa kwa ajili ya kitu hicho."

Alipiga simu Adelaide kwa muuza vipuri anayemfahamu. Kivali kipo, kingeletwa kwa posta.

"Na kisipofika?" Bron aliuliza.

"Iko njia ya wizi. Vua huo mpira mkubwa wa hewa. Fungua swichi bila kupiga stata. Ingiza mkono, kuna kilango cha bati, kisukume kwa kidole."

Bron akasukuma. Huko nyuma ya gari pampu ikaanza kuvuma.

"Gari linadanganyika," Nev alisema. "Linadhani injini inavuta hewa, linaiamsha pampu. Mapovu yanasukumwa yote yanarudi tangini. Ukirudisha mpira na kupiga stata, litawaka tu."

"Nani mwingine anayejua hili?"

"Hapa mjini? Mimi na wewe."

Bron alibaki na kidole kwenye kile kilango kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Bahasha ilifika Ijumaa, Nev akiwa hospitali kukaguliwa mkono. Bron akachukua spana, akalala chini ya gari, akaiweka kwenye nati. Alikuwa hajakaza mkono bado alipogeuza shingo. Kutoka pale chini, kupitia mlango wa banda, aliuona mstari wa mizabibu walikomwaga ule mzigo. Ardhi yake ilikuwa bado nyeusi. Hata magugu hayakuwa yamerudi.

Aliona tena Nev akipiga beleshi, mgongo umeinama, anajaribu kupiga mluzi ili mkewe asijue anavyojisikia. Akasikia tena: zabibu au saladi?

Akatoka chini ya gari. Kivali akakitia kwenye mfuko wa aproni, pamoja na vibanio vya nguo.

Nev aliporudi aliuliza, "Kimefika?"

"Kimefika."

"Umekifunga?"

"Pamoja na pete zake za shaba."

"Hebu liwashe nisikie."

Gari lilikuwa baridi. Stata ikazunguka, ikazunguka kidogo tena, likawaka. Nev alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio juu, kama anavyosikiliza mvua za mbali. "Sawa," alisema, akaingia ndani kula.

*

Jumamosi jua lilichoma mpaka lami ikawa laini. Haskett alikuja na suti ya kijivu, akalichukua gari bila kukanyaga ndani ya nyumba. Hakumpeleka binti yake kanisani moja kwa moja. Alimzungusha mjini, akapita barabara kuu polepole akipiga honi, mkono mmoja nje ya dirisha, kama gari ni lake na mji ni wake.

Nev alikuwa amesimama kwenye geti la kanisa, shati limepigwa pasi, mkono mmoja wa shati umekatwa kwa ajili ya plasta. Haskett alitaka kuegesha kivulini, chini ya mti.

"Siyo hapo!" Nev akampungia. "Ndege watalinyea. Liweke pale mbele, juani. Picha zitang'aa."

Haskett akaliweka juani.

Bron hakuyaona hayo. Alikuwa katika chumba cha pembeni anakata sandwichi za tango, akisikiliza wimbo, halafu mahubiri, halafu wimbo mwingine. Kasisi wa pale hakuwa mtu wa maneno mengi. Ibada yake ilikuwa na urefu wa chai moja, labda na biskuti.

Watu wakatoka, wakarusha maua. Imogen aliingia mbele, gauni limejaa mpaka kwenye gia. Bwana harusi akabanwa kiti cha nyuma, magoti yamegusa masikio. Haskett akakaa kwenye usukani, akawapungia watu, akageuza ufunguo.

Stata ikazunguka. Ikazunguka tena. Gari likakohoa, likanyamaza.

"Kanyaga mafuta!" mtu akasema.

"Usikanyage!" mwingine akasema.

Haskett akakanyaga, akaacha, akapiga stata mpaka betri ikaanza kunung'unika. Jasho lilimshuka mashavuni. Ndani ya gari kulikuwa kama tanuri, na Imogen akaanza kujipepea kwa maua yake.

Nando Sgarbossa, mkulima jirani wa akina Trembath, mtu wa sauti kubwa, alikuwa ameegemea uzio. "Haskett! Angalia ndani ya tangi, pengine kuna majani!"

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kimesubiri mwaka mzima. Haskett akatoka nje ya gari, uso mwekundu kuliko rangi ya gari. "Njooni msukume!"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akajishika kiuno, mwingine akakumbuka mguu wake mbovu. Mikono ikaingia mifukoni. Haskett akavua koti, akaweka mabega nyuma ya gari, akasukuma peke yake. Viatu vyake vya harusi vikateleza kwenye lami iliyoyeyuka, gari likasogea kidogo likarudi.

"Gari la Trembath!" akafoka, anahema. "Ningejua tu. Bovu kama zabibu zake. Bovu kama yeye!"

Bron alikuwa ametokea mlangoni na sinia. Alikuwa akiifurahia kila hatua ya viatu vile. Lakini sasa alimwona Nev kwenye geti. Nev alikuwa ameinamisha kichwa, ameficha uso kwa plasta, na mabega yake yanatikisika. Bron akahisi kama amepigwa kofi. Alitaka kumwaibisha Haskett, na tazama, mumewe ndiye anayelia mbele ya watu, kwa gari alilolifufua kwa mikono yake mwenyewe.

Akaweka sinia juu ya ukuta wa kanisa, akashuka ngazi, watu wakampisha.

"Hilo gari si bovu," alisema. "Nitaliwasha kwa kidole kimoja."

"Basi liwashe!"

"Hiki ni kitendawili, Haskett. Umejaribu, umeshindwa. Anayeshindwa anatoa mji, ndipo anapewa jibu."

"Mji gani, mwanamke? Una wazimu?"

"Mji wangu ni mdogo tu. Useme mbele ya watu hawa, zabibu zetu mwaka jana zilikuwa na nini."

Haskett akatazama kulia na kushoto. "Hapa si mizanini."

"Mizanini ulisema mwenyewe, sisi tukasikiliza. Leo sema tena."

"Bron, mtoto wangu anaungua humo ndani."

"Na zabibu zangu ziliungua kwenye trela."

Imogen akatoa kichwa dirishani, rangi za macho zimemshukia mashavuni. "Baba! Sema tu, chochote kile!"

Haskett akajifuta uso kwa tai. "Zilikuwa safi," alisema chini chini.

"Nyuma kule hawakusikia."

"Zilikuwa safi!" Sauti ikampasuka. "Matangi ya kiwanda yalikuwa yamejaa, tukaambiwa tutafute sababu ya kuwarudisha watu. Haya, umeridhika?"

Bron alitegemea kicheko. Hakikuja. Nando alitoka kwenye uzio, na ule mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni. Yeye naye alirudishwa mwaka jana. Nyuma yake walikuwapo wengine waliorudishwa, na wake zao, wote na nguo za harusi.

"Na zangu?" Nando aliuliza.

Haskett akatazama viatu vyake, vimejaa lami.

Bron akafungua boneti. Akavua mpira, akamwambia Imogen afungue swichi asipige stata. Akaingiza mkono, na kila mtu akasikia pampu ikivuma huko nyuma. Akaiacha ivume kwa raha. Kisha akarudisha mpira, akapangusa mikono kwenye aproni, akamwambia, "Washa, mwanangu."

Likawaka mara moja, likanguruma kanisa zima likasikia.

*

Jioni, Bron alikitoa kivali mfukoni akakiweka mezani, kati ya chumvi na siagi.

"Nilikudanganya," alisema. "Sikukifunga. Nilitaka aaibike, na nimekuliza mbele ya mji mzima."

Nev alikiokota, akakigeuzageuza. "Nimelia lini?"

"Getini. Niliona mabega yako."

"Bron, nilikuwa najizuia nisicheke! Nilikaribia kuzimia." Akakirudisha mezani. "Nililisikia jana ulipoliwasha. Stata ilizunguka mno. Kivali kikiwa kipya, linadaka mara moja."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nikuharibie kazi?" Nev akajikatia mkate kwa mkono wa kushoto, vibaya. "Na unadhani ni nani aliyemwambia aegeshe juani?"

Bron akamtazama mtu huyu mpole aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo.

*

Jumatatu walichuma alfajiri, wakaondoa kila jani waliloliona. Bron ndiye aliyeendesha trekta mpaka mizanini, Nev amekaa pembeni. Haskett alitoka kwenye kibanda chake na kulabu. Hakusalimia. Alichokoa mbele, akachokoa nyuma, akaingiza kulabu mpaka chini kabisa. Akaitoa na jani moja.

Akalishika juu. Ilikuwa tabia tu ya mkono wake.

Nyuma kwenye foleni, injini ya Nando ikazimwa. Ikazimwa ya nyuma yake, na ya nyuma ya hiyo, mpaka barabarani kukawa kimya. Nando akashuka, akaja kusimama kando ya trela la Trembath, mikono kifuani. Wengine wakaja nyuma yake. Hakuna aliyesema saladi.

"Soma sukari, Haskett," Nando alisema.

Jani likaanguka lenyewe. Haskett akapima, akataja sukari, na ilikuwa nzuri. "Mwaga," akasema.

Zabibu zikashuka shimoni kwa kishindo, nyeusi na zinazong'aa, na Nev akavua kofia yake kuzitazama mpaka ya mwisho. Bron alipokuwa akilitia trekta gia, Haskett alisogea karibu na gurudumu, akashusha sauti ili wale wengine wasisikie.

"Mji nilishatoa," alisema. "Niambie jibu. Lilikuwa na nini lile gari?"

Bron akamtazama kutoka juu ya kiti cha trekta. Mfukoni mwa aproni, kati ya vibanio vya nguo, kidole chake kilikuwa kimekigusa kile kivali.

"Ulitoa mji wangu," alisema. "Wa Nando bado." Akakanyaga mafuta, akaondoka.